GIABOKSI HAIFI SIKU MOJA



Makala hii inahusu gari ya mizigo, lakini haiwahusu madreva peke yao. Sabuni, mikate, majani ya chai na sukari tunayoitoa kwa jasho letu viwandani na mashambani haiendi dukani kwa miguu. Sehemu yake hupakiwa katika gari ndogo za mizigo, zikiwamo Toyota HiAce, ambazo hapa Kampala kila mtoto anazijua. Gari hiyo ikisimama, mzigo unalala. Mzigo ukilala, tajiri hutafuta mtu wa kulaumu. Mara nyingi anayelaumiwa ni dreva, na safari nyingine ni taniboi. Yule aliyekataa kununua oili lita 3 halaumiwi.

Sisi tumekwisha kuketi katika vikao vingi vya namna hiyo. Leo tunataka kusimulia kikao kimoja, halafu tueleze jinsi nguvu ya injini inavyofika kwenye matairi, mahali inapoumia, na mambo ambayo mfanyakazi hana budi kuyaandika ili asije akalipishwa chuma ambacho hakukivunja.

KISA CHA DOA JEUSI

Mwaka 2022 mwenzetu mmoja alikuwa dreva wa kampuni yenye ghala katika Divisheni ya Lubaga. Kazi yake ilikuwa kupeleka mizigo Masaka, siku 6 kwa juma. Alfajiri alitoka ghalani, akapita Ndeeba, Nateete na Busega, akashika barabara ya Masaka. Jioni alirudi. Gari yake ilikuwa HiAce iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika huko miaka mingi.

Asubuhi moja, alipokuwa amepita Busega akipanda kuelekea Kyengera, alisikia sauti kama ya mawe ndani ya debe. Gia ikakataa kuingia, kisha ikakataa kutoka. Gari ilivutwa kwa kamba mpaka gereji moja Ndeeba. Fundi alipofungua bolti ya chini ya giaboksi, ilitoka oili isiyojaza kikombe cha chai, nyeusi kama mashapo ya kahawa, na ndani yake vipande vya meno ya gia.

Tajiri alisema dreva hajui kuendesha. Akaandikiwa barua kwamba theluthi moja ya mshahara wake itakatwa kila mwezi mpaka giaboksi nyingine ilipwe. Wakati huo huo akatolewa kwenye usukani akapelekwa kubeba magunia.

Tulipomwuliza, dreva alisema kwamba gia ya 2 ilikuwa ikilia kwa miezi, naye alikuwa ametoa taarifa mara nyingi. Alimwambia nani? Msimamizi. Kwa maandishi? Hapana, kwa mdomo. Msimamizi akasema hakumbuki. Hapo kesi ilikuwa kama imekufa.

Aliyeifufua ni askari wa lango. Alisema, "Kwani nyinyi hamkuliona lile doa?" Mahali gari ilipolala kila usiku palikuwa na doa jeusi. Mama anayefagia uwanja alikuwa akilimwagia maranda ya mbao kila Jumatatu. Wapakiaji walikuwa wakiliruka ili wasiteleze na mzigo. Watu kadhaa waliiona giaboksi ile ikifa polepole, tone kwa tone, na hakuna hata mmoja aliyeandika.

Lakini askari alikuwa na kitabu chake. Kila gari ikitoka aliandika saa na namba ya kilomita iliyo mbele ya dreva. Ikirudi, vile vile. Tuliketi na kitabu hicho jioni mbili tukajumlisha. Kisha tukamwomba karani wa stoo stakabadhi za oili ya gia. Stakabadhi ya mwisho ilikuwa ya miezi 14 nyuma. Katika miezi hiyo gari ilikuwa imekwenda zaidi ya kilomita 90,000, na sili iliyokuwa ikivuja haikubadilishwa hata mara moja.

Hesabu hiyo ilipowekwa mezani, maneno ya "dreva mbaya" yalipungua. Makato yalisimamishwa. Fedha zilizokwisha kukatwa zilirudishwa kwa mafungu mawili, na fungu la pili ilitubidi kulifuata mara tatu. Dreva alirudi kwenye usukani. Ndugu, siku ile hatukushinda kwa ukali wa maneno. Tulishinda kwa kitabu cha lango.

KUZUNGUKA DUNIA KILA MIEZI SITA

Tufanye hesabu ndogo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuifanya. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kiasi cha kilomita 130. Kwenda na kurudi ni 260. Kwa siku 6 ni kilomita 1,560 kwa juma. Ukihesabu majuma 50 ya kazi, gari hiyo inakwenda kilomita 78,000 kwa mwaka.

Madreva wetu wanalijua jiwe la ikweta pale Kayabwe, kwenye barabara hiyo hiyo ya Masaka. Mstari ule ukiufuata mpaka uizunguke dunia yote, ni kiasi cha kilomita 40,000. Maana yake, dreva anayevuka ikweta mara mbili kila siku anaizunguka dunia nzima karibu mara mbili kila mwaka, tena na mzigo mgongoni.

Sasa, kwa gari za kazi nzito, mafundi wengi hushauri oili ya giaboksi na ya difu ibadilishwe kila kilomita 40,000 au kabla ya hapo, na kimo chake kiangaliwe kila kilomita 10,000. Kitabu cha gari ndicho hakimu wa mwisho, na tajiri anapaswa kuwa nacho. Lakini ni rahisi kukumbuka: gari ikimaliza kuizunguka dunia, inywe oili mpya. Kwa kazi ya Masaka, ni kila miezi 6. Kwa gari ya mwenzetu ilikuwa zaidi ya mara mbili kuizunguka dunia kwa oili ile ile, tena iliyokuwa ikipungua kila usiku.

Tukumbuke pia umri wa magari haya. Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha sheria yake ya usalama barabarani ili kuzuia kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Hata gari iliyo ndani ya kipimo hicho inaweza kufika hapa ikiwa imekwisha kufanya kazi ya miaka 10 au zaidi. Na namba ya kilomita inayoonekana mbele ya dreva huweza kurudishwa nyuma na wafanyabiashara wasio waaminifu. Kwa hiyo gari ikinunuliwa, hata ikiwa inang'aa, oili ya giaboksi na ya difu imwagwe siku ya kwanza na kutiwa mpya, na tarehe iandikwe. Historia tunayoweza kuiamini ni ile tuliyoiandika wenyewe.

NGUVU INAVYOSAFIRI

Wale wanaofanya kazi ya kupakia wanajua mstari wa kupitishiana magunia. Wa kwanza anampa wa pili, wa pili wa tatu, mpaka gunia linafika juu ya gari. Mmoja akilegea, mzigo wote unamwangukia jirani yake. Ndivyo ilivyo ndani ya HiAce. Injini iko mbele, chini ya viti. Nguvu yake inapita kwenye klachi, inaingia giaboksi, inashuka kwa chuma kirefu kiitwacho propela, inafika kwenye difu katikati ya ekseli ya nyuma, ndipo inagawanywa kwa tairi mbili.

Kwa hiyo ugonjwa wa mmoja huhamia kwa mwingine. Mfano wake ni huu. Klachi ya magari mengi ya aina hii inasukumwa na oili ya breki. Ndani ya silinda yake mna mpira mdogo. Mpira huo ukichakaa, oili inavuja, na klachi haiachi vizuri hata ukikanyaga mpaka chini. Dreva anaingiza gia, gia inalia. Kila inapolia, vile vipete vya shaba vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana vinasagika. Baada ya miezi, giaboksi inafunguliwa kwa fedha nyingi, na watu wanasema giaboksi ilikuwa mbovu. Giaboksi haikuwa mbovu. Ulikuwa ni mpira. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KLACHI

Dalili za klachi iliyochoka zinajulikana. Gari ikiwa na mzigo katika mwinuko, injini inapiga kelele zaidi lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Hiyo inateleza. Gia zikiingia kwa taabu wakati gari imesimama, hasa ya kurudi nyuma, hiyo haiachi. Mtu akikanyaga pedeli asikie mlio wa kusaga, ile beringi inayoisukuma klachi imekaribia mwisho.

Hapa tuseme ukweli kwetu wenyewe pia. Chama hakiwezi kumtetea mtu kwa uongo. Ziko tabia za sisi madreva zinazoua klachi. Kampala ni mji wa vilima, na foleni ya magari haikosekani, iwe mlima wa Lubaga au wa Namirembe. Dreva anayeishikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya kuvuta breki ya mkono anaichoma klachi. Anayepumzisha mguu juu ya pedeli siku nzima anaila ile beringi. Anayepumzisha mkono juu ya mti wa gia anazilaza uma za ndani juu ya gia zinazozunguka, nazo zinalika. Tabia hizi hazina faida, na kuziacha hakugharimu hata shilingi moja.

GIABOKSI

Giaboksi ya kawaida ya gari hizi huchukua kiasi cha lita 2 hadi 3 tu. Hakuna pampu ndani yake. Gia za chini zinajichovya katika oili na kuirusha juu, zikizilowesha zile za juu. Oili ikipungua kidogo, gia za juu na beringi zake zinabaki kavu hali zile za chini zimelowa. Ndiyo sababu gari inaweza kuendelea kutembea kwa majuma mengi, huku ndani kukiteketea.

Kuangalia kimo si kazi ya miujiza. Gari isimame mahali pa usawa, injini izimwe, na ikiwa imeinuliwa iwekwe juu ya stendi za chuma. Ndugu, asilale mtu chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, wala kwa matofali. Ufungue bolti ya ubavuni, ile ya kujazia. Ingiza kidole: oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu au karibu nao sana. Ukiigusa kwa mbali, imepungua.

Wakati wa kubadilisha, mafundi wazoefu wana kanuni moja: fungua kwanza bolti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Kwa nini? Kwa sababu ukimwaga oili yote halafu ukakuta ya juu imeshika kutu na haifunguki, gari haiwezi kutoka hapo. Mwaga oili ikiwa bado ina moto wa safari ili takataka zitoke nayo. Kama bolti ya chini ina sumaku, itazame. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni habari mbaya, na habari hiyo iandikwe siku hiyo hiyo. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Kuhusu aina ya oili, soma herufi zilizoandikwa katika kopo. Oili ya gia huandikwa GL-4 au GL-5, pamoja na namba kama 75W-90. Difu ya namna hii inahitaji GL-5, kwa sababu meno yake yanasuguana kwa kuteleza chini ya mgandamizo mkubwa. Kwenye giaboksi, fuata kitabu cha gari, maana baadhi ya oili kali za GL-5 huweza kuidhuru shaba ya vile vipete. Gari yenye gia za kujibadilisha zenyewe ni jambo jingine kabisa: hiyo hutumia oili yake nyepesi, ambayo mara nyingi ni nyekundu, na ikitiwa oili nzito ya gia itaharibika. Tena tusinunue oili ya kupimwa kwa chupa za maji barabarani. Inunuliwe katika kopo lililofungwa, pamoja na stakabadhi. Stakabadhi ni ushahidi.

Liko pia jambo la kuteremka mlima bila gia ili kuokoa mafuta. Wapo matajiri wanaoliamrisha. Ni amri mbaya. Gari haina tena msaada wa injini katika kujizuia, na breki zinabeba uzito wote mpaka zinachemka. Zaidi ya hayo, injini za sindano hupunguza au kukata mafuta zenyewe gari inapoteremka ikiwa katika gia bila kukanyagwa, kwa hiyo faida inayosemwa haipo. Na kama injini imezimwa kabisa, zile gia za chini za giaboksi hazizunguki kuirusha oili, ilhali chuma kinachokwenda nyuma kinazunguka kwa kasi.

Kwa sababu hiyo hiyo, gari iliyoharibika isivutwe mbali tairi zake za nyuma zikiwa chini. Ama tairi za nyuma ziinuliwe, ama propela ifunguliwe kwanza. Giaboksi nzima huweza kuuawa na kamba, na lawama ikamwendea dreva aliyepasukiwa na bomba la maji tu.

PROPELA NA DIFU

Propela ina viungo viitwavyo krosi, na ikiwa ndefu ina beringi katikati. Ukiingiza gia ya mbele au ya nyuma ukasikia mgongo wa gari ukigonga "ta", krosi zimelegea. Gari ikitetemeka kila inapofika mwendo fulani, angalia krosi na beringi ya katikati. Zenye chuchu za grisi zitiwe grisi mpaka ile ya zamani itoke pembeni, na wakati wa mvua zitiwe mara kwa mara zaidi. Kabla fundi hajaifungua propela, aweke alama ya chaki au patasi ili irudi vile vile ilivyokuwa. Msidharau jambo hili. Propela ikikatika upande wa mbele gari ikiwa mwendoni, inaweza kuchimba barabara na kuipindua gari pamoja na waliomo.

Difu husema kwa mlio. Ikiimba wakati wa kukanyaga mafuta au wakati wa kuachia, meno yake hayakai sawa au oili imekwisha. Lakini mlio ukibadilika wakati wa kupinda kona, huenda ni beringi ya tairi, si difu. Dreva anayeandika tofauti hiyo anamsaidia fundi asifungue mahali pasipo na ugonjwa.

Tazameni pia matairi ya nyuma. Tairi moja ikiwa mpya na ya pili imeisha, au zikiwa za saizi tofauti, gia ndogo za ndani ya difu zinafanya kazi safari nzima hata katika barabara iliyonyooka, ingawa zimeundwa kwa ajili ya kona tu. Tajiri anaokoa bei ya tairi moja, analipa bei ya difu.

Na maji. Mvua kubwa ikinyesha, mabonde ya upande wa Nalukolongo na Ndeeba hufurika. Juu ya ekseli ya nyuma pana kitundu kidogo cha kupumulia. Kikizibwa na matope, hewa yenye joto inaisukuma oili itoke kwenye sili. Ekseli yenye moto ikizama ghafula katika maji baridi, inayavuta maji ndani. Kwa hiyo gari ikipita kwenye maji yaliyofika ekseli, oili ya difu iangaliwe juma hilo hilo, hata kama haijamaliza kilomita zake.

Safari nayo hurefuka bila mtu kuhesabu. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko yalipoliharibu daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka, magari yalipitishwa njia ya Mpigi, Kanoni na Sembabule. Barabara ilibadilika, kilomita zikaongezeka. Anayebadilisha oili kwa kutazama kalenda peke yake hujidanganya nyakati kama hizo. Atazame kilomita.

UZITO

Gari ina kibao au karatasi inayotaja uzito inaoruhusiwa. Iliyoundwa kubeba tani 1 ikibebeshwa tani 1 na nusu, kila kiungo katika ule mstari wetu kinabeba nusu gunia la ziada: klachi inateleza, oili inachemka, krosi zinapinda, breki zinashindwa. Wapakiaji, nyinyi ndio mnaohesabu magunia. Andikeni idadi yake. Dreva akiulizwa kwa nini difu imevunjika, idadi ya magunia itajibu.

AFYA YA ANAYESHIKA SPANA

Baadhi ya vitambaa vya klachi vya zamani, au vya asili isiyojulikana, vina asbesto, ambayo vumbi lake huleta magonjwa ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mkataba juu ya asbesto mwaka 1986. Kwa hiyo vumbi la klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji. Oili chafu isikae mwilini, wala tambara lenye oili lisiwekwe mfukoni siku nzima. Na isimwagwe kwenye mfereji, maana chini ya mfereji wanaishi watoto wetu. Ikusanywe katika pipa.

SHERIA IKO UPANDE GANI

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataja makato ambayo mwajiri anaweza kuyafanya katika mshahara. Haikumpa ruhusa ya kujikatia apendavyo kwa sababu tu chuma kimevunjika. Tangu mwaka 1949, Mkataba wa 95 wa ILO umesema kwamba mshahara ukatwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa baraza la usuluhishi. Barua ya tajiri peke yake si sheria.

Mkataba wa 155 wa mwaka 1981 nao unaeleza kwamba mfanyakazi atoe taarifa mara moja kwa mkubwa wake juu ya hali anayoamini, kwa sababu za haki, kuwa ni hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake. Na kwamba mwajiri asiwalazimishe wafanyakazi kurudi penye hatari hiyo kabla hajaiondoa. Mwezi wa Juni 2022, Mkutano Mkuu wa ILO uliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata ambayo haijatia sahihi mkataba huo. Propela inayogonga ni hatari ya namna hiyo. Lakini angalieni neno lile: taarifa. Haki hii inaanza na taarifa, na taarifa isiyoandikwa ni upepo.

TUNAYOYADAI, NA TUNAYOTAKIWA KUYAFANYA

Katika kila mapatano na waajiri wenye magari, matawi yetu yadai haya:

1. Kila gari iwe na daftari lake, lenye kurasa zilizotiwa namba. Dreva aandike kilomita, mzigo, na kila mlio, mvujo au mtetemo. Msimamizi atie sahihi siku hiyo hiyo.

2. Dreva abaki na nakala. Kama hakuna karatasi ya nakala, aandike mara mbili.

3. Oili ya giaboksi na ya difu ibadilishwe kwa kilomita zilizotajwa katika kitabu cha gari kwa kazi nzito, na stakabadhi ibandikwe katika daftari.

4. Gari ikiharibika, ifunguliwe mbele ya dreva na mjumbe wa chama. Oili ya zamani na vipande vilivyovunjika visitupwe mpaka shauri liishe.

5. Asikatwe mtu mshahara kwa sababu ya chuma kabla ya kusikilizwa, tena bila ruhusa ya sheria.

Na sisi kwa upande wetu tuache nusu klachi mlimani, tuache kuteremka bila gia, tuamke mapema kidogo tutazame chini ya gari kabla ya kuwasha injini. Dakika 5 zinatosha.

Nanyi ndugu mnaofanya kazi ndani ya kiwanda, au shambani, na ambao hamjawahi kushika usukani, msiseme gari ni jambo la madreva. Askari wa lango alikuwa si dreva. Mama wa ufagio alikuwa si dreva. Lakini walikuwa na macho, na mmoja wao alikuwa na kalamu. Kesho mkiona doa jeusi mahali gari ilipolala, msilifunike kwa maranda. Mwambieni dreva, na pamoja naye mliandike katika daftari: tarehe, mahali, ukubwa wake. Likizidi kukua, andikeni tena.

Umoja wetu hauonekani siku ya mgomo peke yake. Unaonekana pia asubuhi ya kawaida, watu wanne wanapoinama chini ya gari moja kutazama tone moja la oili, na mmoja anatoa kalamu.